Nani Achore Katikati ya Mji Wetu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya mji wetu wa Zanzibar. Nimechagua Ng'ambo, kwa kuwa wengi wetu tuliopita skuli hii tumezaliwa au tumelelewa huko, na kwa kuwa Ng'ambo ndiyo iliyokusudiwa iwe kitovu kipya cha mji.

Kwanza tukumbushane historia. Jina la Ng'ambo limetokana na hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, na barabara iliyopita kando yake sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Lakini tofauti haikufukiwa pamoja na hori. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Ng'ambo ilibaki nje ya mpaka, kana kwamba haina cha kurithiwa.

Mipango haikukosekana. Mwaka 1923 ulitoka mpango wa Lanchester, na mwaka 1958 mpango wa Kendall, wote Waingereza. Mwaka 1968 ukaja mpango wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na mwaka 1982 wa wataalamu wa China. Mipango minne, na yote iliongozwa na wageni. Sisemi kwamba hawakuijua kazi yao. Nasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Chukueni mfano wa majumba ya Michenzani, yaliyotokana na mpango wa 1968. Tuseme haki: watu walipata nyumba imara, umeme, na maji ya mfereji. Lakini aliyepandishwa ghorofa ya tano aliliacha baraza lake chini. Na baraza kwetu si pambo la nyumba. Ndipo mzee anapopumzika, ndipo jirani anapojua kuwa fulani leo hakutoka na huenda anaumwa, na ndipo mama anapouza vitumbua vyake asubuhi. Hakuna aliyekaa akaamua kuikata riziki ya mama yule. Haikuonekana kwenye ramani tu, na kisichokuwamo kwenye ramani hakihesabiwi siku ya kubomoa.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mtaalamu anaweza kupima nyumba na upana wa njia bila ya kumuuliza mtu. Matumizi ya mahali hawezi kuyajua mpaka aambiwe na wanaopatumia.

Kuna kazi moja iliyojaribu kwenda njia hiyo. Katika miaka ya 2010, Idara ya Mipango Miji na Vijiji, ikishirikiana na Mji wa Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters, iliendesha kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Kabla ya kuchora kipya, waliandika kilichopo: majengo, mitaa, na mambo wanayoyathamini wakaazi wenyewe. Mwaka 2019 kazi hiyo ikatolewa katika kitabu kiitwacho Ng'ambo Atlas. Ng'ambo ikaonekana kuwa ina urithi wake.

Ni hatua njema, ila tusibweteke. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 walihesabiwa 893,169. Hao ni karibu laki tatu zaidi katika miaka kumi, na ardhi ya katikati ya mji haikuongezeka. Mitaa ya zamani itaendelea kutiwa jicho, na mikutano itaendelea kuitwa. Basi ukiitwa mkutanoni, uliza mambo matatu.

Uliza kwanza umeitwa lini. Ukiitwa mchoro umeshakamilika, umeitwa kupiga makofi. Pili, uliza ni nani hakuitwa. Mara nyingi huitwa mwenye nyumba, akasahauliwa aliyekodi chumba, na akasahauliwa muuza mboga anayetoka shamba alfajiri kuja Darajani, ambaye halali mjini lakini anakula kwa mji. Tatu, uliza majibu yatarudi vipi. Mtu aliyetoa rai yake ana haki ya kuambiwa kama imekubaliwa, na kama imekataliwa, kwa sababu gani.

Wenzangu wa zamani, miongoni mwetu wamo wahandisi, wanasheria na mabwana afya. Michoro hii aghlabu huandikwa kwa Kiingereza na kwa vipimo visivyosomeka na kila mtu. Tukae na majirani zetu tuwafasirie kwa Kiswahili, kabla ya siku ya mkutano.

Na nyinyi vijana, natoa shauri ambalo naomba Mwenyekiti aliweke mbele ya kamati. Chama chetu kinunue madaftari na kamba za kupimia. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu auandike mtaa wake: maji yanatuama wapi wakati wa masika, watoto wanapita wapi kwenda skuli, nani anauza nini na saa ngapi, wazee wanakaa wapi. Nakala moja ibaki maktaba hapa, nyengine apelekewe Sheha. Siku mchoro mpya utakapoletwa, tuwe na maandishi yetu ya kuweka mezani.

Tuna mtaa Ng'ambo uitwao Mwembeshauri. Jina lenyewe linatukumbusha kuwa watu hukaa kivulini wakashauriana. Kazi hiyo haijamalizika, na zamu sasa ni yenu.