JOTO LA AFISI TULIHESABU WENYEWE



Tukilalamika joto twaambiwa, "Kiyoyozi kipo, mwataka nini tena?" Sisi twajibu: tuhesabu kwanza.

Tuchukue mfano wa afisi ya Changamwe yenye watu 20. Mtu aliyeketi kazini hutoa joto la wati 120 hivi. Wote ni 2,400. Kompyuta 20, kila moja wati 100, ni 2,000. Taa ni 400. Jumla 4,800. Kiyoyozi kilichoandikwa 12,000 huondoa wati 3,500 tu. Basi kimeshindwa kabla hatujahesabu jua la juu ya bati, dirisha la magharibi saa tisa alasiri, na unyevu wa pwani, ambao nao ni mzigo wa mashine.

Kwa hiyo tusidai mashine kubwa peke yake. Tudai dari chini ya bati, kivuli madirishani, na milango inayofungika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka hewa safi ya kutosha, na kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Hesabu yetu tuipeleke huko, kwa maandishi. Lalamiko hupuuzwa, hesabu hujibiwa.

Umoja ni nguvu.