Mbona Hawasomi? Viwavi, Maharage na Miezi ya Kuchipua Katika Shule za Msingi Marekani

Wazazi wenzangu, leo tuongee kuhusu shule ya msingi hapa Marekani, hasa kipindi hiki cha Machi hadi mwisho wa Mei. Kila mwaka ukifika wakati huu napokea ujumbe wa namna moja: "Dada, mbona watoto hawasomi tena? Kila siku ni viwavi, mbegu na kukimbia uwanjani." Na wanaouliza si watu wa mzaha. Ni watu waliosomea kwenye darasa lililojaa, chaki na ubao, mwalimu na fimbo yake, kwa hiyo kwao mtoto anayesoma ni yule aliyeinamia daftari.

Mimi nasema wanasoma, tena sana. Tuanze na haragwe.

Mtoto anapewa punje ya haragwe, karatasi ya kufutia mikono iliyoloweshwa maji na kamfuko ka plastiki. Haragwe linatiwa ndani, mfuko unabandikwa kwenye kioo cha dirisha. Wewe uliyelima maharage Kigoma, Mbeya au Kivu unacheka: hii nayo ni kazi ya shule? Ngoja. Kuna mfuko wa pili, na huo unafungiwa kabatini, gizani. Kabla ya kufunga mlango mwalimu anauliza, lipi litaota? Karibu darasa zima linasema la dirishani, na kila mtoto anaandika utabiri wake. Siku chache baadaye yote mawili yameota. Mzizi ndio umetangulia, tena ukiugeuza mfuko juu chini, mzizi unajipinda kutafuta chini upya. Siku zinavyosonga, la gizani linakuwa refu kulipita la dirishani, ila limepauka, lina rangi ya manjano, jembamba kama uzi. Somo lenyewe ndilo hilo. Haragwe linaanza maisha kwa akiba ya chakula iliyomo ndani ya punje, hivyo kuota hakuhitaji mwanga. Kuendelea kuishi ndiko kunakouhitaji. Na urefu si afya. Mtoto wa miaka saba ameyaona hayo kwa macho yake, amepima kwa rula, amechora, kisha ameandika kwamba alivyotabiri sivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyemcheka. Sisi wengine tulifika sekondari hatujawahi kuulizwa tunatabiri nini.

Viwavi nao wanakuja kwa posta. Msishangae. Shule inaagiza, kinaletwa kikopo cha plastiki chenye viwavi wadogo na chakula chao chini. Wanakula, wanajisaidia, wanakua, basi. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo wanapanda hadi kwenye kifuniko, wananing'inia kichwa chini wamejikunja kama herufi J, halafu ngozi inavuka na kubaki pupa, kitu kikavu kisichotembea. Mwalimu anawahamishia kwenye kizimba cha chandarua. Wiki moja au zaidi inapita tena, kipepeo anatoka na mabawa yamekunjamana, huku akidondosha maji mekundu. Hapo ndipo watoto wanapiga kelele kwamba anatoka damu. Si damu, ni uchafu uliobaki mwilini alipokuwa akijigeuza. Anayetumika sana madarasani ni yule wa rangi ya chungwa na madoa meusi, ambaye kwa kitaalamu anaitwa Vanessa cardui. Huyu hata Afrika yuko, tena ni msafiri: wapo wanaovuka Jangwa la Sahara kwenda Ulaya na kurudi. Mwambie mtoto wako hilo, kesho alipeleke darasani kama habari yake mwenyewe.

Shule nyingine zinatotolesha vifaranga. Mashine inakaa kwenye joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi au zaidi kidogo, mayai yanageuzwa mara kadhaa kila siku hadi ya 18 hivi, na siku ya 21 ganda linaanza kupasuka. Mtetea wa bibi yako alifanya hayo yote bila umeme, na mtoto anastahili kuyasikia. Ila usimwahidi kifaranga. Kwa kawaida wanarudishwa shambani walikotoka.

Kwa hiyo akirudi nyumbani usimuulize tu, "Umepata ngapi?" Muulize ameona nini na kwa nini anadhani imekuwa hivyo. Akikujibu kwa Kiingereza, mwambie arudie kwa Kiswahili. Na wewe uliyeshika jembe una elimu ambayo huenda mwalimu hana. Muombe nafasi uje useme na watoto dakika chache. Shule nyingi zitataka kwanza kukagua rekodi zako za polisi. Usione umetukanwa, kila mzazi anafanyiwa hivyo.

Aprili 22 ni Siku ya Dunia, iliyoanza 1970 kwa juhudi za Seneta Gaylord Nelson wa Wisconsin. Watoto wataokota takataka au watapanda mti, watarudi na matope. Wavalishe nguo ambazo hazitakuuma. Koti nalo usilifungie bado: kalenda inasema majira ya kuchipua yanaanza karibu Machi 20, lakini huku kwetu Ohio theluji ya Aprili haishangazi mtu. Wazazi Waislamu, mkiona mayai ya plastiki yenye peremende karibu na Pasaka, mwandikieni mwalimu mapema mkieleza mtoto hali nini. Shule ya serikali hairuhusiwi kuendesha ibada, na walimu wengi hulishughulikia jambo hilo kwa heshima.

Sasa mitihani, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Sheria ya taifa ya 2015, kama ile ya 2002 iliyoitangulia, inataka kila mtoto wa shule ya serikali apimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Mitihani hiyo huangukia miezi hii hii. Sayansi nayo inapimwa angalau mara moja kati ya darasa la tatu na la tano, kwa hiyo haragwe lile mtakutana nalo tena. Katika baadhi ya majimbo, mtoto wa darasa la tatu asiyefikia kiwango cha kusoma anaweza kurudishwa darasa. Uliza jimbo lako linasemaje, na usikate tiketi ya safari wiki ya mtihani.

Halafu karatasi. Zile karatasi zinazorudi kwenye begi, zifungue siku hiyo hiyo. Moja itakuwa fomu ya ruhusa ya kwenda shambani au kwenye hifadhi ya wanyama. Usipoisaini, wenzake wanapanda basi, yeye anaachwa shuleni. Karatasi nyingine itakuita uongee na mwalimu kuhusu maendeleo ya mtoto. Nenda hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha. Piga simu siku kadhaa kabla, sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na ukalimani unatokana na hapo. Hulipi hata senti moja. Na tafadhali, usimfanye mtoto mwenyewe ndiye mkalimani: hata akiwa mkweli, huo ni mzigo wa mtu mzima.