Maghorofa, Barabara na Haki ya Mkazi wa Mji

Mazungumzo na viongozi wa walei



Nimeombwa nizungumze juu ya maendeleo ya mji. Mada hii ni pana mno, nami nitajifunga na Dar es Salaam peke yake, kwa kuwa yanayotendeka hapa leo hufika Mwanza, Arusha na Mbeya kesho.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Yaani katika miaka kumi tu wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala, maji ya kunywa na njia ya kumfikisha kazini. Mji usipopanda juu hauna budi kutambaa. Ukitambaa, bomba la maji na nguzo ya umeme zitaufuata hadi Chanika na Bunju, mashamba yatakwisha, na mtu atatumia saa tatu za siku yake garini. Kwa hiyo sikuja hapa kuyalaani maghorofa wala barabara pana. Swali langu ni nani anayelipa gharama yake na nani anayefaidi.

Tuanze na mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi wenyewe wameyaita mwendokasi. Yalianza kubeba abiria mwezi Mei 2016, katika njia ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Nauli ya njia kuu ilianza kwa shilingi 650. Mwaka 2018 mji wetu ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, nao ulikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Sifa hiyo ilistahili. Mtu wa Kimara aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala alipata nafasi ya kulala kidogo, na hilo si jambo dogo kwa mama mwenye watoto wa kuandaliwa kwenda shule. Lakini ninyi mnaopanda mabasi hayo mwayajua pia yale yaliyofuata: mabasi machache kuliko abiria, vituo vilivyofurika watu, wazee na wajawazito wakisukumwa mlangoni. Njia ya zege ilijengwa vizuri, ila njia bila mabasi ya kutosha ni sawa na kisima kisicho na ndoo.

Na hapa sina budi kulitaja bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011 familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali sana na mahali walipokuwa wakitafuta riziki. Waliambiwa kwamba bondeni si mahali pa mtu kuishi, na kwa hakika waliambiwa kweli, maana maji hayana huruma. Ajabu ni kwamba karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa papo hapo Jangwani, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia, barabara ikafungwa, na mabasi yakaharibika. Maskini alipojenga bondeni aliitwa mkaidi. Sijui wakubwa waliojenga karakana waliitwaje.

Barabara nzuri ina jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Pale inapopita, bei ya ardhi hupanda. Mwenye kiwanja Magomeni au Manzese hupata mgeni aliyevaa vizuri, mwenye mkoba, anayetaka kununua. Mwenye nyumba akiuza, amepata. Lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na wapangaji wa vyumba sita, na kila chumba na familia yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaweka msingi kwamba ardhi ya mtu ikitwaliwa fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Huo ni msingi mwema. Hata hivyo fidia humfuata mwenye nyumba, na ardhi ikiuzwa kwa hiari hakuna fidia kabisa. Mpangaji hupewa mwezi mmoja, pengine miwili, akafunga godoro lake na kwenda Mbagala ya mbali au Pugu, ambako atapanda magari mawili au matatu ili arudi mjini kuuza karanga zake mahali pale pale alipokuwa akiishi. Hivyo barabara iliyojengwa kwa ajili ya maskini humsogeza maskini mbali nayo, hata kama hakuna mtu aliyekusudia hivyo.

Je, haiwezekani kujenga juu bila kuwafukuza waliokuwapo chini? Inawezekana, na mfano tunao. Magomeni Kota palikuwa na nyumba za zamani za serikali zenye kaya 644. Nyumba zilibomolewa, watu wakatawanyika, wakangoja miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba wakazi wale wale watajengewa maghorofa na kukaa miaka mitano bila kodi. Yalijengwa makazi 656, na mwezi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua. Subira ilikuwa ndefu kupita kiasi, na wako waliofariki wakingoja. Baadaye likazuka pia swali la bei ya kuuziwa. Lakini jambo moja lilifanyika ambalo ni nadra: orodha ya waliotolewa ilihifadhiwa, na walioitwa kurudi ni wale waliokuwa katika orodha hiyo. Nawasihi mlikumbuke neno hilo orodha, maana mpango wowote wa kujenga upya usioanza na orodha ya wakazi, pamoja na wapangaji, kwa kawaida huishia kwa wageni.

Tena kuishi ghorofani si kuhamisha vitanda tu. Nyumba ya Kiswahili, ile tuliyokulia wengi wetu, ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Barazani mama huuza vitumbua na mzee huzungumza na jirani. Uani ndiko kuna jiko la mkaa na kamba ya nguo. Akifa mtu, turubai hufungwa mbele ya nyumba na majirani hulala pale. Sasa mpandishe mama huyo ghorofa ya sita. Vitumbua atauzia wapi? Jiko la mkaa ataliweka wapi, ndani pasipo dirisha la kutosha, moshi uwamalize watoto? Lifti ikikwama na pampu ikiharibika, nani atapandisha ndoo za maji? Na jeneza litashukaje katika ngazi nyembamba? Msicheke, ndugu zangu. Haya ni maswali ya mchoraji wa ramani, naye akiulizwa mapema anaweza kuyajibu: ngazi pana, duka la chini kwa wakazi, uwanja wa pamoja wa harusi na misiba. Akiulizwa baada ya zege kukauka hana jibu.

Kwa wale wanaomiliki sehemu ya jengo, iko Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Inawataka wenye sehemu wawe na umoja wao wa kutunza vitu vya pamoja: paa, ngazi, lifti, maji taka. Katika majengo mengi umoja huo ni wa karatasi, kila mtu hufagia mlango wake na ngazi huachwa gizani. Watu waliozoea kuendesha jumuiya ndogo ndogo wanajua kuitisha kikao, kuandika mahudhurio na kusoma mapato na matumizi. Ujuzi huo unatakiwa huko ghorofani.

Nimeliacha nyuma lililo zito. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafariki. Viongozi walieleza wakati ule kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefika 16. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la maduka likaanguka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa kazini, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Jengo halipandi ghorofa sita za ziada usiku mmoja. Kila siku wapita njia waliliona, mafundi walilijua, na mkaguzi alikuwa na wajibu wa kufika. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta kuzunguka dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Sheria hiyo ilitolewa kwa nyumba ya dari moja!

Kwa hiyo nawaomba kamati za haki na amani zianze na kazi hii iliyo ndogo. Kila mahali panapojengwa ghorofa katika mtaa wenu, litafuteni bango linaloonyesha jina la mkandarasi, la mhandisi na la mchoraji. Lisipokuwapo, au mkiona ghorofa zinaongezeka kuliko zilizotangazwa, peni taarifa kwa maandishi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri, nakala kwa bodi ya wakandarasi, nanyi mbaki na nakala yenu yenye muhuri wa kupokelewa. Na mtaa wenu ukitajwa katika mpango wowote wa barabara au wa kujenga upya, msingoje mkutano wa hadhara. Chukueni daftari, piteni nyumba kwa nyumba, andikeni kila mkazi, chumba anachokaa na tangu lini, mwenye nyumba na mpangaji kwa pamoja.