Kazi ya Haki Haiishi Siku ya Hukumu

Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa dini mbele ya walimu na Wakristo, siku za Jubilei



Katika siku hizi za Jubilei tumesikia habari nyingi za kujenga: makanisa, madarasa na zahanati. Sisi tumeombwa tuseme juu ya haki. Twapenda kuwaeleza maisha ya mtu mmoja wa sheria, ambaye kwanza alikuwa mshtaki wa Serikali, halafu akawa mshirika katika ofisi ya mawakili wa watu binafsi. Wengi hudhani ya kuwa mtu abadilipo kiti namna hii hubadili na moyo: jana alidai haki, leo adai ujira tu. Na tutazame kama ndivyo.

Jina lake Benjamin Ferencz. Alizaliwa mwaka wa 1920 katika nchi ya Transylvania, wazazi wake Wayahudi, akachukuliwa Marekani angali mtoto mchanga. Huko New York waliishi kimaskini. Hata hivyo kijana alijitahidi, akamaliza masomo ya sheria katika Chuo cha Harvard mwaka wa 1943, akaingia jeshini. Mwaka wa 1945 alitumwa kwenye makambi ya wafungwa yaliyokuwa yakifunguliwa, kama Buchenwald na Mauthausen, akusanye ushahidi. Aliyoyaona hayasemeki. Lakini hakusimama kulia tu; alitafuta madaftari ya kambi na orodha za majina, maana alijua ya kuwa machozi hukauka, bali maandiko hubaki.

Vita ilipokwisha, Wamarekani waliendesha mashtaka mengi katika mji wa Nuremberg, na mkuu wa washtaki alikuwa Jenerali Telford Taylor. Ferencz aliwekwa Berlin kusimamia watafutao hati. Siku moja zilipatikana taarifa za siri za vikosi vilivyoitwa Einsatzgruppen. Vikosi hivyo vilifuata jeshi la Wajeremani lilipoingia nchi za Warusi mwaka wa 1941, vikawaua Wayahudi na wengine wengi, wanawake na watoto. Wauaji wenyewe walikuwa wameandika siku, mahali na hesabu ya maiti. Ferencz akajumlisha, alipopita milioni moja, akaacha kuhesabu. Akapanda ndege kwenda kwa mkuu wake. Akaambiwa watu hawatoshi, na fedha ya kesi nyingine haipo. Akajibu ya kuwa ataifanya mwenyewe juu ya kazi aliyo nayo. Umri wake ulikuwa miaka 27, wala hajapata kuendesha kesi hata moja.

Kesi ilianza mwezi wa Septemba 1947, nao waliohukumiwa walikuwa watu 22. Msidhani walikuwa watu wasiojua kusoma. Baadhi yao walikuwa na shahada za udaktari wa vyuo vikuu, na mmoja alikuwa amepata kuwa mchungaji wa kanisa. Neno hili na lituchome sisi tulio walimu: elimu peke yake haimzuii mtu asiue, wala joho la mhubiri halimzuii. Mshtaki alimaliza kutoa ushahidi wake kwa siku mbili, wala hakuita shahidi hata mmoja. Karatasi zao wenyewe ziliwashuhudia. Mwezi wa Aprili 1948 wote walionekana kuwa na hatia, na 14 wakahukumiwa kufa. Ferencz hakuwa ameomba adhabu hiyo, kwa sababu hakuona mizani ya kupima roho za watu 22 na roho milioni moja.

Basi, je, kazi ilikwisha? Wanne tu walinyongwa, mwaka wa 1951. Wengine walipunguziwa adhabu, na kufika mwaka wa 1958 hakuna hata mmoja aliyebaki kifungoni. Na yule aliyenusurika, aliyepoteza nyumba na jamaa zake, hukumu ile ilimpa nini? Hapo ndipo tunapoanza kumfahamu mtu huyu.

Mwaka wa 1948 alishika kazi ya kudai mali za Wayahudi waliouawa bila kuacha warithi. Alisaidia pia katika mashauri yaliyoleta mapatano ya mwaka wa 1952, ambayo kwayo Ujerumani ya Magharibi ilikubali kulipa fidia. Sisi tunaofanya Jubilei tukumbuke ya kuwa kwa Waisraeli wa kale mwaka huo ulikuwa mwaka wa kurudishiwa watu urithi wao.

Mwaka wa 1956 alirudi Marekani, akawa mshirika wa Taylor yule yule katika kazi ya uwakili. Sasa hakuwa na muhuri wa Serikali nyuma yake. Lakini waliobisha mlangoni pake walikuwamo watu wale wale: waliotumikishwa katika viwanda bila mshahara, na wanawake wa Kipolandi ambao miili yao ilipasuliwa kwa majaribio katika kambi ya Ravensbrück. Wanawake hao walipata fidia baada ya madai marefu. Kwa watumwa wa viwandani, kampuni nyingine zililipa kidogo, nyingine zikakataa kabisa. Haki ya namna hii haipigiwi tarumbeta. Ni barua juu ya barua, mwaka baada ya mwaka.

Katika miaka ya 1970 aliipunguza kazi ya ujira, akajitia kuandika na kusihi iwepo mahakama ya mataifa yote. Mkataba wake ulikubaliwa Roma mwaka wa 1998, nayo mahakama ikaanza mwaka wa 2002, makao yake The Hague, Uholanzi. Kesi yake ya kwanza kufikia hukumu ilitoka kwa jirani zetu wa Ituri, katika Kongo, ambako Kiswahili chasemwa. Thomas Lubanga alishtakiwa kwa kuwatia jeshini watoto wasiotimiza miaka 15. Mwezi wa Agosti 2011 Ferencz, mzee wa miaka 91, alisimama upande wa mashtaka kusema katika maneno ya mwisho. Lubanga alionekana ana hatia mwezi wa Machi 2012, akafungwa miaka 14. Mzee wetu alifariki mwezi wa Aprili 2023, umri wake miaka 103.

Ndugu zetu, kuna methali isemayo, Mnyonge hana haki. Twaisema kwa kuugua, na mara nyingine twaisema ili tusijisumbue. Lakini mnyonge hukosa haki hasa pale asipopatikana mtu wa kuandika habari zake, kuzitunza na kuzidai. Katika kesi ya Lubanga ulibishaniwa sana umri wa watoto: je, huyu alikuwa na miaka 14 au 16? Ninyi mnaoandika daftari la ubatizo na daftari la shule, tambueni mnashika nini mikononi. Tarehe moja iliyoandikwa sawasawa yaweza siku moja kumtetea mtoto ambaye hana mwingine wa kumtetea.

Tusiseme basi, Mimi si hakimu, mimi si mshtaki. Viti hubadilika; deni letu kwa mnyonge ni lile lile.