Parafujo za Gurudumu la Meno la Baiskeli: Maneno Yaliyosemwa Igowole



Tumeombwa tuseme nanyi habari za baiskeli. Hatutasema habari za kununua wala za mashindano, bali habari ya kitu kidogo ambacho watu wengi hawakitazami mpaka siku kinapowaangusha: yaani zile parafujo zinazoshika gurudumu la meno, lile livutalo mnyororo, na kulifunga pamoja na mkono wa pedeli.

Hapa Igowole kila mtu aijua kazi ya baiskeli. Huchukua viazi, mahindi, mbao na madumu ya maji, na mara nyingine huchukua mgonjwa. Tena nchi hii ya Mufindi ni ya vilima. Mtu apandaye mlima na mzigo husimama juu ya pedeli, na uzito wa mwili wake wote hupita katika vipande vya chuma visivyozidi ukubwa wa kidole. Basi si ajabu vikilegea.

Mwaka mmoja wakati wa mvua tulikuwa tukipeleka viazi gulioni. Kwa siku tatu tulisikia mlio, ka, ka, kila pedeli ya kulia iliposhuka. Tukadhani ni pedeli, tukaitia mafuta, tukaenda zetu. Siku ya nne, katikati ya mlima, mnyororo uliruka na baiskeli ikaanguka mferejini. Tulipotazama, parafujo mbili kati ya tano hazikuwapo, na gurudumu la meno limepindika kama kifuniko cha sufuria. Mwenzetu aliyekuwa akiendesha aliteguka kifundo cha mguu, asilime mwezi mzima, na huo ndio mwezi wa kupanda. Tangu siku ile mlio wa namna hiyo hatuudharau.

Sasa yafaa mjue ya kuwa baiskeli ni za namna mbili. Katika zile za gia nyingi, ambazo nyingi huja zimekwisha tumika ng'ambo, gurudumu la meno hushikwa kwa parafujo nne au tano. Katika baiskeli nzito za zamani, kama Raleigh zile zenye sura za korongo katika gurudumu la meno, na katika nyingi zilizofuata mfano huo, gurudumu limeunganishwa na mkono wake moja kwa moja, na kinacholegea ni ile pini ya kabari ishikayo mkono katika ekseli. Tutaanza na za kwanza.

Watu husema parafujo hulegea kwa sababu ya kutikisika, na ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine ya majaribio ya kuwa parafujo hufunguka upesi hasa vitu viwili vilivyobanwa vinaposogea ubavuni, kimoja juu ya kingine. Ikiwa vimebanwa sawasawa, havisogei, nayo parafujo hukaa. Vikianza kusogea hata unywele, kila pigo la mguu huizungusha parafujo kidogo. Kwa hiyo adui ni mambo yaletayo nafasi: udongo mkavu, kutu, na rangi nene iliyopakwa mahali pa kukutania. Wala mtu asitie karatasi au kipande cha mpira katikati akidhani amezuia mlio. Mpira hubonyea, na nafasi hurudi.

Basi fungua parafujo zote. Zioshe kwa mafuta ya taa, kausha, kisha kwangua mahali pa kukutania mpaka chuma kionekane safi. Paka grisi kidogo katika hesi. Ikiwa nati ya nyuma inazunguka pamoja na parafujo, ishike kwa bisibisi pana katika ule mfuo wake. Kaza zote kwa vidole kwanza, halafu kwa spana, ukiruka kutoka moja hadi ile iliyo upande wa pili, wala usizunguke kwa kufuatana, maana gurudumu litakaa upande.

Je, kukaza kiasi gani? Hapo ndipo vijana wenye nguvu huharibu. Parafujo ya chuma yataka nguvu kama uzito wa ndoo yenye lita 10 za maji, ukining'inizwa katika ncha ya spana yenye mkono wa sentimita 10. Zile nyepesi za alumini zataka pungufu ya hapo. Hukatika bila kutoa habari. Ukiisha kaza, endesha siku moja, kisha jaribu tena kwa spana.

Ipo hila moja tuipendayo kuliko zote, nayo haina gharama. Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha parafujo hadi juu ya gurudumu. Parafujo ikizunguka, mstari hukatika, na hata mtoto wa shule aweza kuuona asubuhi kabla ya safari.

Kwa habari ya pini ya kabari, kosa kubwa ni kuivuta kwa nati. Nati haikufanywa kuivuta, na hesi yake ni laini. Egemeza mkono wa pedeli juu ya chuma kizito, gonga pini kwa nyundo mpaka iingie imara, ndipo ukaze nati. Endesha kidogo, gonga tena, kaza tena. Mkinunua pini mpya chukueni ya zamani mkailinganishe, maana ziko za milimita 9.5 na za milimita 9, na ile nyembamba haitashika kamwe katika tundu la ile nene. Tena pini za pande mbili ziingie kwa kupishana, la sivyo mikono ya pedeli haitanyoka.

Tundu lililokwisha kuwa yai halina dawa ya spana. Hilo ni la kubadilisha mkono, au gurudumu lenyewe.

Tumekuja na spana mbili, bisibisi, nyundo na kikopo cha rangi nyeupe. Baiskeli zilizoegemezwa ukutani tumezihesabu tulipoingia, nazo ni kumi na moja. Tutaanza na ile ya mwalimu, kwa kuwa tuliisikia ikija.