Tuliambiwa Tukaze: Korona Ilivyopita Kichwani mwa Mwanafunzi wa Afya

*(Niliyasema haya mbele ya vijana wa chama kutoka Musoma, Bunda na Butiama, Februari 2025. Wengi mliomba maandishi, ndiyo haya.)*



Nimepewa dakika kumi na tano niseme kuhusu vijana na afya. Najua mlitegemea niongelee zahanati zisizo na dawa. Hayo tunayasema kila siku na tutaendelea kuyasema. Leo naomba niongelee kitu ambacho hata sisi wenyewe kwa wenyewe hatukisemi.

Mwaka 2020 nilikuwa nasoma stashahada ya utabibu, chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa. Sikuja kukisema chuo, nimekuja kusema yaliyotupata.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Siku mbili baadaye vyuo vikafungwa, nikarudi nyumbani Butiama na begi langu. Kijijini mwanafunzi wa afya tayari ni "dokta". Watu wanakuja uani: dokta, hii kitu ikoje? Dokta, mzee anakohoa, tumpeleke Musoma au tumpe malimao? Mimi hata mwaka wa pili sijamaliza. Ninachokijua kuhusu korona ni kile kile walichokisikia wao redioni. Lakini ukisema hujui, wanaona unawaficha.

Halafu na redio yenyewe ikanyamaza. Takwimu za mwisho alizotangaza Waziri Mkuu zilikuwa za 29 Aprili: wagonjwa 480, vifo 16. Tarehe 3 Mei tukasikia habari ya papai na mbuzi kukutwa na korona. Tarehe 1 Juni vyuo vikafunguliwa, na siku chache baadaye tukatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha kwa nguvu ya maombi. Jamani, mimi nasali. Mama yangu anasali kunizidi. Ila wodini sala haikuwa inaleta glovu.

Na Julai mwaka huo huo zikaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020. Humo kuna katazo la kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika. Sasa jiweke kwenye nafasi ya kijana wa miaka 21. Unaona kitu wodini kwa macho yako, na kukiandika hata kwenye simu yako kunaweza kukupeleka polisi.

Mwanzoni mwa 2021 ndipo tulipopata wimbi lenyewe. Tulikuwa kwenye mazoezi kwa vitendo. Wagonjwa wanakuja hawapumui, mtungi wa oksijeni ni mmoja, wanaouhitaji ni watatu. Barakoa tulijinunulia wenyewe, tunafua usiku na kuvaa tena asubuhi. Kwenye faili tunaandika "nimonia". Kwa ndugu tunasema "changamoto ya upumuaji". Mnalikumbuka hilo neno? Nchi nzima ilikuwa na changamoto ya upumuaji. Maalim Seif alijitokeza na kusema wazi kwamba ana korona, akafariki 17 Februari. Siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi Kijazi. Tarehe 3 Machi Padri Kitima wa Baraza la Maaskofu akasema Kanisa limepoteza zaidi ya mapadri 25 na masista 60 ndani ya miezi miwili. Na masista wengi mnajua kazi yao ni ipi. Ni wauguzi.

Nilikuwa na mwenzangu, tulipanga geto moja. Yule jamaa alikuwa bora kuliko sisi wote; mkono wake kwenye mshipa wa mtoto mchanga haukosei. Akaanza kuamka usiku kunawa mikono. Mara moja, mara tatu, mara kumi. Ngozi ikapasuka mpaka inatoa damu. Halali, hali, akisikia mtu anakohoa nje anatoka kitandani. Siku moja akaniambia: "Mwanangu, mimi nawaona waliokufa nikifumba macho."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kaza. Wewe si mwanaume wa Mara?"

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Mimi ambaye kwenye mtihani nilikuwa naandika vizuri kabisa dalili za sonona na za msongo unaofuata tukio la kutisha, niliziona kitanda cha pili nikazijibu kwa methali za jandoni. Mtihani uliofuata hakuingia. Alifunga begi alfajiri. Siku hizi anaendesha bodaboda Bunda, na ukimwuliza anasema udaktari haukuwa fungu lake. Si kweli. Ulikuwa wake.

Nimefikiria sana kwa nini alivunjika. Hofu peke yake haitoshi kumvunja mtu. Kazi yetu ni ya hofu tangu siku ya kwanza. Kilichomvunja ni kwamba alikuwa anaona kitu ambacho kila mtu mwenye mamlaka anamwambia hakipo. Ukimwambia mwalimu, anakuangalia tu, na yeye ana familia ya kulisha. Mzigo unaotajwa, watu wawili watatu wanaweza kuubeba. Usiotajwa unaubeba peke yako, tena unaanza kujiuliza kama ni wewe ndiye umechanganyikiwa.

Juu ya hapo weka ada. Wakati ule sisi wa stashahada ya afya tulikuwa nje ya mkopo wa serikali. Mikopo hiyo ilikuja mwaka wa masomo 2023/2024. Mama yangu alikuwa anauza dagaa Mwigobero. Kila nikitaka kusema nimechoka, nawaza beseni la mama. Mtu wa hivyo anaugua huku anatabasamu.

Sasa makamanda, na sisi tujiseme. Mei 2020 chama chetu kilipowataka wabunge wake wakae kando siku 14, kilisimama upande wa kweli na kilitukanwa kwa ajili hiyo. Naliheshimu. Lakini sisi vijana mtandaoni? Tulikuwa tunasambaza video za mazishi ya usiku kama mabao ya mpira. "Mmeona? Tuliwaambia!" Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza wale wanaohudumia wanalalaje. Hata mimi sikuuliza, na nilikuwa mmoja wao.

Mtasema hayo yamepita. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, mambo yakawa wazi. Ni kweli, na nampa haki yake. Lakini tazameni ng'ambo ya ziwa letu. Machi 2023 Marburg iliingia Kagera. Serikali ikaitaja kwa jina, wahudumu wa afya wakiwa miongoni mwa walioambukizwa, na mlipuko ukadhibitiwa ndani ya miezi michache. Januari mwaka huu, Shirika la Afya Duniani limesema kuna washukiwa wa Marburg Biharamulo, Wizara ikajibu haipo, siku chache baadaye Rais mwenyewe akathibitisha ipo. Zile siku chache mnaziona ndogo? Mimi nawaza mwanafunzi aliyekuwa zamu usiku ule. Anamsikiliza nani?

Kwa hiyo nina mambo manne ya kudai, na naomba yaingie kwenye maazimio yetu.

Moja, kila chuo cha afya kiwe na mshauri wa afya ya akili ambaye si mwalimu anayesahihisha mtihani wako. Huwezi kumlilia mtu anayeweza kukudiskoisha.

Mbili, mwanafunzi asiingie wodini kwenye mlipuko bila vifaa vya kujikinga vilivyotolewa na kituo. Kama hakuna vifaa, abaki nje, na asihesabiwe mtoro.

Tatu, lile katazo la kuandika habari za mlipuko lifutwe. Anayezusha ana sheria zake tayari.

Nne, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kiondolewe. Mtu amefika mwisho wa kamba yake, anaamkia hospitali, pembeni yake kuna askari. Nani atasema "nahisi vibaya" kwenye nchi ya namna hiyo?

Hayo ni ya kuidai serikali. La kwetu halisubiri kushika dola. Hapa ndani wamo wanafunzi wa uuguzi, wa maabara, wa famasia, na wengine mmemaliza mnajitolea bila posho. Kila tawi limchague mtu mmoja wa kuwapigia simu hawa wenzetu, si kwa ajili ya kampeni, ni kwa ajili ya kuuliza: umelala? umekula? Akisema hapana, msimwambie akaze. Mkae naye, na kama ni mzito kuliko ninyi, mmsindikize hospitali, siku hiyo hiyo.

Butiama ni nyumbani kwa mtu aliyetufundisha maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mimi nimejifunza kwamba maradhi yakipewa ukimya, yanapata na chumba cha kulala.

Wiki iliyopita nilishuka stendi Bunda nikamtafuta yule jamaa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile ulinieleza kitu nikakujibu upuuzi. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, akaweka pikipiki stendi, akasema, "Kaa basi." Tukakaa saa mbili. Nauli ya abiria wote aliowakosa niliilipa mimi.

Nendeni mkamtafute wa kwenu.

Nguvu ya umma!