Kwaya Inapoimba Ugenini, Ni Nani Anayetoa?

Tutafakari swali moja. Kwaya inapovuka mipaka kwenda kuimba ili zichangwe fedha za hisani, ni nani hasa anayetoa, na ni nani anayepokea?

Tuanzie Wales. Tangu karne ya 19, wachimba makaa ya mawe wa mabonde ya kusini na wapasua mawe wa kaskazini wamekuwa na kwaya za wanaume watupu. Hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Walifanya mazoezi jioni, wakiwa wamechoka kwa kazi, na migomo ilipowaacha bila mshahara, waliimba ili jamaa zao wapate chakula. Warithi wao, wengi wakiwa wastaafu, hadi leo husafiri katika miji ya Ulaya na kuimba bure, mapato yakienda kwa wagonjwa au watoto wenye shida. Hakuna msikilizaji anayemwona mzee huyo kuwa ombaomba. Humpokea kama mgeni aliyekuja na zawadi.

Sasa tutazame kwaya nyingine, iliyofika hapa Brussels mwaka 1958. Ilitoka Kamina, mji wa reli katika jimbo la Katanga la wakati huo, ambako Kiluba na Kiswahili huishi mtaa mmoja. Walikuwa wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wao wapatao 15. Aliyewaongoza ni Padri Guido Haazen, Mbelgiji wa shirika la Wafransisko. Kwaya ilipewa jina la mfalme wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin.

Tarehe 23 Machi mwaka huo, huko Kamina, waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, lakini sauti na midundo ni ya Waluba na jirani zao. Sehemu ya Sanctus ilitokana na wimbo wa kuagana. Sehemu kubwa haikuandikwa popote. Waimbaji waliibuni papo kwa papo. Baadaye walizunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakashangiliwa, na kuimba pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels.

Katika maonyesho hayo hayo, Wakongo wengine waliwekwa ndani ya uzio, katika kijiji cha kuigiza, ili watazamwe wakifanya kazi zao za mikono. Baadhi ya watazamaji waliwadhihaki na kuwarushia ndizi. Wakongo hao walikataa kuvumilia fedheha hiyo, wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Hivyo, katika jiji moja na mwaka mmoja, sauti ya Mkongo ilipigiwa makofi na uso wake ukadhihakiwa.

Santuri ya Missa Luba ilienea duniani. Sanctus yake ilisikika katika filamu ya If...., iliyotolewa mwaka 1968 na kutwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka uliofuata. Jina la padri na jina la mfalme yalisafiri pamoja na santuri. Majina ya waliobuni sauti zile hayakufika mbali. Hata la Joachim Ngoi, mwalimu aliyekuwa mwimbaji kiongozi, walijua wachache. Ilipofika mwaka 1990, kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi misa hiyo kwa jina lake yenyewe.

Msikilizaji, mambo hayo si ya kale tu. Kwaya ya watoto ya Watoto, ya mjini Kampala, imekuwa ikizuru nchi za ng'ambo tangu mwaka 1994, ikichangisha fedha za kuwatunza na kuwasomesha watoto. Ni kazi njema. Hata hivyo, mchangaji anaweza kurejea nyumbani akiamini kwamba yeye ametoa na mtoto amepokea, akisahau kwamba mtoto ndiye aliyetangulia kutoa: miezi ya mazoezi, safari ndefu na wimbo wenyewe. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo inamhusu mwimbaji kabla ya kumhusu mwenye pochi.

Basi wenyeji wanaoalika kwaya, iwe ya Wales au ya Katanga, wana wajibu ulio wazi. Wachapishe majina ya waimbaji na watunzi. Waeleze wimbo umetoka wapi na una maana gani. Watangaze hadharani fedha zimekwenda wapi. Na kikapu cha mchango kipite baada ya shukrani, si kabla yake.